Kasa wa Khorini na Finjani Iliyobaki Imejaa

Mwanangu Asya,

Amani ya Mola iwe juu yako, na juu ya mlango huu utakaoufunga kesho nyuma yako.

Ni ajabu kumwandikia mtu aliyeko chumba cha pili. Tangu tuliposali Magharibi nawasikia wewe na mama yako mkigombania sanduku: yeye anataka kutia mtungi wa achari ya ndimu, wewe unasema Masira kuna maduka. Mambo ya achari, ya mafuta ya nywele, ya nani umpigie simu gari likiharibika njiani, nimemwachia yeye. Mimi nna jambo moja tu, na nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti. Nikipandisha sauti wewe utanyamaza kwa adabu, na adabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nimekasirika, mwanangu. Unajua wanafunzi wangu waliniita Mwalimu Taratibu, kwa sababu nilikuwa nikieleza jambo mara tatu bila ya kukunja uso. Mtu wa umri wangu anatarajiwa awe ameshatulia. Sikutulia. Leo nimefika mahali ambapo kila nikikaa chini nasimama tena.

Jana tukiwa mezani uliniuliza: "Baba, nikisaini, uso wako utasimama mbele ya watu?"

Nami nikakuomba unisogezee chumvi.

Barua hii ndiyo jawabu nililoshindwa kulitoa jana. Karatasi wanayotaka uitie saini inasema kwamba unaifuta taarifa yako juu ya boti ya Mazin, mtoto wa Ami Hamed. Mkubwa wako wa kazi amekwambia waziwazi: ukisaini kabla hujaondoka, uhamisho wako "utaangaliwa upya." Usiposaini, kesho unakwenda kisiwa cha Masira kulinda ghala la kamba za boti na matangi ya mafuta. Wamekupa meza na kukunyang'anya boti, na barua yao inasema ni "kwa maslahi ya kazi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta kazi gani inayopata maslahi hapo. Wewe mlinzi wa bahari, una shahada ya mambo hayo, unaijua khori ile ya Qurayyat, ule mkono wa bahari, kama mama yako anavyolijua jiko lake, halafu unapelekwa kuhesabu kamba. Kazi inayofaidika ni ya Mazin ya kupeleka watalii mbio.

Nataka nianze na siku ile ya kasa, ili tuwe tumekubaliana juu ya kilichotokea kabla sijakwambia la kwangu.

Nilikuwa Hamriya, dukani kwa yule fundi, namsubiri atie betri kwenye saa yangu. Ukanipigia. Hukusema njoo, ulisema, "Baba, uko mbali?" Nikajua. Nikaiacha saa, nikaendesha gari mpaka Qurayyat. Nilikukuta ufukweni umesimama, viatu vimejaa maji, na wavuvi wanne watano wamekuzunguka. Mchangani, chini ya kipande cha turubai, alikuwa kasa jike aliyekufa, mkubwa kama meza ya chai. Ukalifunua turubai. Ukaniambia, "Wewe mwalimu. Nisomee."

Nikapiga magoti. Mvuvi mmoja akasema, "Mwalimu, usimtazame hivyo, hatokujibu." Wenzake wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Alijibu, Asya. Gamba lake lilikuwa na mikato inayofuatana, sambamba, kama mistari ya daftari. Kila mkato ni pigo la bawa moja la pangaboi la injini. Injini ndogo ya mvuvi, ile ya kusukumia boti ya nyavu, pangaboi lake ni dogo, hukata karibu karibu. Hii ilikata kwa mapana, na kwa kina. Nilitanua shubiri yangu baina ya mkato na mkato, na wavuvi wale wakainama kutazama. Nilikwambia pale pale, na narudia: hilo peke yake si ushahidi wa kumtaja mtu. Linakwambia tu aina ya injini, na kwamba aliyekuwa akiiendesha hakupunguza.

Na asubuhi ile ile wewe ulikuwa umeisimamisha boti moja tu ya aina hiyo mle khorini. Tuseme kweli, hukuisimamisha, ulijaribu. Ulikaa kando ya maboya ya manjano na kifaa chako cha kupimia mwendo. Mazin akapita baina ya maboya na abiria wake kwa mwendo ulio mara tatu ya ule unaoruhusiwa. Ukampungia asimame. Yeye akawaambia abiria wake wakupungie na wao. Wakakupungia, maskini, wageni wa watu, wakidhani ni ukarimu wa nchi.

Nataka ukumbuke ulichokiandika jioni ile, kwa sababu sasa kila mtu anakisimulia vingine. Hukuandika kwamba Mazin kamuua kasa. Uliandika mahali, saa, na mwendo. Mimi ndiye niliyekuuliza, "Mbona kasa hayumo?" Ukanijibu, "Sikumuona akigongwa, Baba. Mwendo niliuona." Nilikuwa nimefundisha miaka yote ile nikitafuta mwanafunzi mmoja atakayetofautisha alichokiona na anachokidhani, kumbe yuko nyumbani kwangu ananikaangia mayai.

Sasa wanasema umemsingizia kijana wa watu mauaji kwa ajili ya kobe. Kobe! Hata jina hawalijui.

Nikueleze tena kwa nini mwendo ule uliwekwa, ingawa unalijua jambo hili kuliko mimi. Nalieleza kwa ajili ya hasira yangu; ikielezwa, hukaa kitako. Kitu kikienda mwendo maradufu, pigo lake haliwi maradufu, huwa mara nne. Mwendo ukiwa mara tatu, pigo huwa mara tisa. Boti ikienda taratibu, maji yanayoitangulia humsukuma kasa kando, akipata sana atapata mchubuko. Ikienda mbio, hakuna cha kusukumwa. Na kasa si mjinga. Anaisikia injini. Lakini anavuta pumzi kama mimi na wewe, lazima atoe kichwa, na akitaka kukimbia hana pa kwenda ila chini. Na pale khorini, kwenye majani ya bahari anayokula, chini ni karibu mno. Ndiyo maana maboya yakawekwa pale na si kwengine. Hatukuambiwa bahari nzima twende mwendo wa maiti. Tumeambiwa kipande kile tu, kitu cha dakika chache. Mtu anashindwa kuutoa muda ambao angeutumia kutafuta miwani yake!

Basi sasa la kwangu.

Ami Hamed alikuja siku ya pili yake baada ya Alasiri, na ndugu zake wawili, wamevaa mabishti, yale majoho ya heshima, kama wanakwenda kuposa. Wewe ulikuwa kazini. Unajua mimi na Hamed tumetoka mbali. Baba yake na baba yangu walikuwa na maduka yaliyotazamana Unguja. Tulipokuja hapa, vijana, tulipanga nyumba moja Wadi Kabir, watu wanane, choo kimoja. Yeye alikuwa na akili ya biashara, mimi nilikuwa na vitabu. Yeye Kiarabu chake kilinyooka upesi. Changu kilichelewa.

Hili sijapata kukusimulia vizuri. Miaka ile ya mwanzo, nikifungua mdomo sokoni, watu walijua. Hawakunitukana. Walitabasamu tu, lile tabasamu la mtu anayemsubiri mtoto amalize sentensi. "Huyu wa Zinjibari." Nami nikaapa kwamba nitajifunza. Nikajifunza namna ya kuingia majlisi, ukumbi wa wageni, nani wa kumpa mkono mwanzo, namna ya kuuliza khabari mara nne kabla ya kusema lako, namna ya kushika dalla, birika la kahawa, kwa kushoto na finjani kwa kulia, namna ya kuitikisa finjani ukitosheka. Nilijifunza desturi za hapa kama mtu anayejifunza kwa ajili ya mtihani. Aliyezaliwa nazo anaweza kuzivunja akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa Muomani kuliko Waomani, na kila nilipozifuata barabara niliona lile tabasamu halipo, nikafurahi.

Sisi kule Unguja kahawa ilikuwa ya barazani, ya soga na bao. Hapa nikajifunza kwamba finjani inaweza kuwa hatamu. Mgeni mwenye haja kubwa akipewa kahawa, huipokea, akaiweka chini mbele yake, asiinywe. Mwenye nyumba akiona, anajua. Na mwenye nyumba muungwana husema, "Kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha." Husema hivyo kabla hajaambiwa haja yenyewe. Desturi hiyo ina maana yake, na maana yake ni tukufu: ilikuwa ya watu waliouana, ya kuomba amani baina ya kabila na kabila, ya kumuombea roho mtu ambaye asubuhi atakufa. Watu walijua kwamba kitu kile hakitumiwi kwa upuuzi.

Nikammiminia Hamed. Akaiweka chini juu ya zulia.

"Kunywa, bwana," nikasema.

"Sinywi, Mwalimu."

"Khabari gani hizo? Kahawa ya nyumba hii imekuwa na sumu?"

"Nna haja."

Na mimi, Asya, nilifurahi. Huu ndio ukweli wenyewe. Nilifurahi kwamba Hamed, mtu mzito kama yule, ameweka finjani mbele yangu mimi. Sikuuliza hata moja. Nikasema kwa Kiarabu kilichonyooka kama rula, "Kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akainywa kwa mkupuo mmoja. Akaitikisa finjani, akanirudishia, akafuta mdomo. "Jambo dogo tu," akasema. "Ni hilo la Asya na Mazin. Aifute tu ile karatasi. Watoto wetu hawa, Mwalimu. Kasa wako tele."

Mama yako alikuwa nyuma ya mlango na sinia la matunda. Wageni walipoondoka akaingia, akaliweka sinia chini, akanitazama.

"Umemuozesha?"

"Sikumuozesha, Rahma."

"Bora ungemuozesha. Ningepata sherehe, na mahari ningeyatia mfukoni. Sasa umemtoa mtoto kwa finjani ya kahawa, na kahawa yenyewe yangu!"

Nilimkasirikia. Nikamwambia hajui desturi. Akasema, "Desturi naijua. Desturi inasema utoe kilicho chako."

Wewe uliporudi nikakueleza. Nilikueleza kwa maneno mengi, nikianza na Wadi Kabir na nyumba ya watu wanane. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza jambo moja: "Baba, ulitoa neno la nani?" Halafu ukaenda kuoga. Asubuhi ukaenda kazini, na taarifa ikabaki kama ilivyokuwa.

Siku zilizofuata Hamed hakunipigia simu. Msikitini alinipa mkono wa vidole vitatu. Halafu ikaja barua ya uhamisho.

Nisikilize vizuri hapa. Sijui nani alimpigia nani simu, na kama ulivyonifunza mwenyewe, nisichokiona sikiandiki. Ninachokijua ni kwamba karatasi mbili zimekuja pamoja mezani kwako, ya Masira na ya kufuta, na mtu mzima anayeitwa mkubwa wako amekutazama usoni akakwambia uchague. Na ninachokijua zaidi ni kwamba wewe, ambaye hukutetereka kwa ajili yake, unatetereka kwa ajili yangu. Uso wangu! Kwa siku zote hizi umekuwa ukiupima uso wa baba yako kwenye mizani na khori nzima upande wa pili. Hili ndilo linalonifanya nisimame kila nikikaa. Mimi nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu, na deni anadaiwa mtoto.

Na hasira yangu haiishii kwangu, usidhani. Nimekaa na watu mwezi huu, nimesikia yote. Wanasema, "Ni mnyama tu." Basi mbona kwenye vipeperushi vya safari zao wameweka picha ya kasa, tena kubwa kuliko picha ya boti? Wanasema, "Vijana watakula nini?" Wavuvi wa Qurayyat wanapita baina ya maboya yale yale, alfajiri, na samaki wanaoharibika, na wanapunguza, wao hawali? Mmoja akaniambia, tena mtu aliyesoma, "Lakini Mwalimu, sheria ile ni ya watu wasiojulikana." Nilimuuliza anamaanisha nini. Akaona haya, akabadilisha mazungumzo tukazungumza mpira. Alikuwa amesema alichokikusudia: sheria ni ya yule asiyekuwa na wa kumwekea finjani chini.

Na lile neno la Hamed, "wako tele." Nilikwisha kulisikia. Nilikuwa mdogo, sijaanza hata skuli, bibi yangu alinichukua shamba, kaskazini ya Unguja, na wavuvi walikuwa wamemleta nguva. Alinasa kwenye wavu wa jarife. Sikupata kumuona nguva kabla, na sikumuona tena. Alikuwa mnene, wa kijivu, ana uso wa mtu mpole aliyeamshwa usingizini, na ana matiti kifuani, mawili, kama mama. Watu walikuwa wakigawana nyama, wanacheka, na mimi nilikuwa nimemkamata bibi kanga yake. Bibi akasema, "Huyu ananyonyesha." Mzee mmoja akamjibu na kisu mkononi, "Bibi we, wako tele hawa, bahari haina mwisho." Basi. Bibi hakusema tena, kwa sababu yule mzee alikuwa jirani, na nyama tulipewa, na kurudisha ni utovu wa adabu. Tulikula.

Mwaka jana nilipomsimulia mtoto wa ndugu yako khabari ya nguva, akaniuliza kama ni jini au ni katuni. Nguva naye alikula majani ya bahari, kama kasa wako, na naye alikuwa hana haraka, na naye ilimbidi atoe pua avute pumzi mahali ambapo watu wanapita. Wale watu wa pwani hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wazuri ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kumuudhi jirani.

Nilikuwa nikilifikiria hilo leo baada ya Alasiri, na nikajikuta ndani ya gari nakwenda kwa Hamed.

Majlisi yake ilikuwa na watu, kama kawaida ya siku ya leo, kiasi cha kumi. Hamed akainuka kunipokea, lazima ainuke, mbele ya watu. Tukaulizana khabari mara nne. Na aliyekuwa akimimina kahawa, kama ilivyo desturi mtoto wa nyumba kuwahudumia wageni wa baba yake, alikuwa Mazin. Dalla kushoto, finjani kulia, kanzu nyeupe, amenyoa vizuri. Akanimiminia. "Karibu, ami."

Nikaipokea. Nikaiweka chini juu ya zulia.

Mazungumzo yalikatika kama umeme.

Hamed akasema, "Kunywa, Mwalimu."

"Sinywi, Hamed."

Alijua anachotakiwa kusema. Yeye amezaliwa na akili ya biashara, hatii saini asichokisoma. Akasema, "Kunywa kwanza, haja tutaizungumza."

"Hivyo sivyo inavyokwenda. Nilipokupa neno mimi hukuniambia tutaizungumza."

"Mwalimu, usinitie aibu mbele ya watu."

"Watu wazuri hawa, wacha wasikie. Kwanza, neno nililokupa nyumbani kwangu halikuwa langu. Lilikuwa la Asya, nami nikalitoa bila ya kumuuliza. Nimekuja kulichukua, na mbele ya hawa nasema nimekosa. Pili, haja yangu. Sitaki mumfutie mwanangu uhamisho. Hilo sikuombi. Nataka boti zako zote, zikifika kwenye maboya, zipunguze. Basi. Haja yangu ndiyo hiyo, na ni ndogo kuliko yako."

Mzee mmoja pembeni akacheka, akasema, "Yakhe, mtu kaja kuwaombea kasa!" Wengine wakacheka. Nikasema, "Naam, nimekuja kuwaombea kasa. Wao hawana ami." Hapo kicheko kikapungua.

Mazin alikuwa bado amesimama na dalla. Akasema kwa sauti ya chini, na sidhani alikuwa anasema uongo, "Ami, wallahi mimi sikumuona."

"Najua hukumuona," nikamwambia. "Kwa mwendo ule hakuna anayemuona. Ungemuona, ungepinda, wewe si katili. Maboya yale yamewekwa ili umuone."

Nilisubiri. Nimewasubiri wanafunzi wengi katika maisha yangu, najua namna ya kusubiri. Mvuke wa kahawa ukaisha. Hamed alikuwa akiitazama finjani ile kama mtu anayetazama nge kwenye zulia lake. Neno moja tu angelisema, lile lile nililomwambia mimi kwa furaha, bila ya kufikiri. Hakulisema. Alisema, "Mwalimu, umebadilika."

Nikainuka. Nikawapa mkono wote, mmoja mmoja, kulia kwenda kushoto, kama desturi inavyotaka. Finjani ikabaki pale pale, imejaa. Kwa kawaida anayemimina huiondoa haraka, maana finjani iliyojaa isiyonywewa ni fedheha ya nyumba. Nilipofika mlangoni niligeuka kuvaa viatu. Mazin alikuwa hajaiondoa. Alikuwa amesimama mbele yake.

Sijui itakuwaje. Pengine kesho watapita mbio makusudi. Pengine hawatonisalimia tena msikitini, wala kwa vidole vitatu. Nimerudi kwa miguu mpaka kwenye gari, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii sikufikiria hata kidogo kama Kiarabu changu kilikuwa sawa.

Basi jawabu lako ni hili, Asya. Ukisaini, saini kwa sababu umeona taarifa ina kosa. Na kama ina kosa, mimi mwenyewe nitakushikia kalamu. Usisaini kwa ajili ya uso wangu. Uso wangu nimeushughulikia, umebaki kwenye zulia la Hamed kando ya finjani, na nnaona sijambo. Kama hukusaini, utakwenda Masira, utakaa kwenye ghala, na utakasirika. Kasirika. Mimi niliogopa hasira maisha yangu yote, nikaiita upole, na kumbe mara nyingi ilikuwa ni kutaka kupendwa na watu. Kisiwa kile kasa wanapanda ufukweni kutaga mpaka wanapishana. Waliokuhamisha hawakufikiria hilo. Hesabu kamba zao vizuri, usikose hata moja, halafu jioni nenda ufukweni ukatazame, ukaandike ulichokiona.

Nilipoingia nyumbani leo mama yako alikuwa jikoni. Aliniona uso, hakuuliza. Akanimiminia kahawa, akaniwekea mbele yangu. Nikabaki nimeishika tu.

"Na hii je?" akasema. "Ina haja?"

Nikamwambia haina.

"Basi kunywa, baba, kabla haijapoa."

Nikanywa. Kesho, gari halijafika, tutakaa watatu pale barazani, na mimi ndiye nitakayemimina. Hutoulizwa kitu.

Baba yako